Jasho la Tuta na Kidonda Chake

Juma lililopita mwanangu wa tatu, huyu aliyemaliza kidato cha sita na sasa ananisaidia kazini, alisimama nami juu ya lambo ninalojenga nje ya Mbeya, chini ya Mlima Loleza. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile. Udongo wa mfinyanzi uliolowa ulikuwa unatoa ile harufu yake, harufu ya chungu kipya na chuma kikuukuu. Mwanangu alikuwa anasoma makaratasi ya kazi, yaliyoandikwa kwa Kiingereza.

"Baba," akasema, "hawa wanapenda kujaza karatasi. Hapa wameandika leak, hapa wameandika seep. Yote si kuvuja tu?"

"Si yote."

"Kamusi inasema kuvuja."

"Basi aliyeandika kamusi hajawahi kulala chini ya lambo."

Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania.

Kiingereza changu mimi hakijazi kiganja. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Lakini nimejenga matangi na malambo Mbeya hii, nimejenga Chunya kwenye vumbi ambako walisema maji hayakai, nimejenga mpaka kwetu Iringa, na asiyeamini aende akayapapase kwa mkono wake. Watu wanasema najisifu. Mimi nasema mtu akinyamaza juu ya kazi yake wataisema wengine, nao wataikosea. Kwa hiyo nasema: maneno yale mawili ya Kiingereza ni yangu. Sikuyapata ubaoni. Niliyapata kwenye tope, utotoni, na moja lilinipa furaha ambayo sijaipata tena, la pili likatugharimu chakula cha nyumba nzima.

Ninyi wa rika langu mliokulia Nyanda za Juu hamhitaji kuelezwa kinyungu, lakini watoto wetu wa mjini wanahitaji, basi nieleze. Mvua zikiisha na milima ya Kilolo ikianza kukauka, mama zetu walishuka mabondeni, kwenye ardhi inayobaki na maji chini kwa chini. Walikata majani, wakayafukia, wakainua vitanda vya udongo, na kati ya kitanda na kitanda wakachimba vijifereji. Maji yakizidi unafungua, yakipungua unaziba kwa bonge la udongo lenye majani yake. Mwanamke alishinda pale miguu ikiwa kwenye tope la baridi, akifungua huku na kuziba kule, kama mtu mwenye vyungu vingi motoni. Mahindi mabichi ya kinyungu, maharage na majani ya maboga ndivyo vilivyotuvusha ile miezi ambayo ghala limebaki na panya tu.

Cha mama yangu kilikuwa kizuri. Alipewa na mama mkwe wake, naye alikikuta. Na mwaka ninaousema mimi, kinyungu kile ndicho kilichokuwa mwanaume wa nyumba yetu, maana baba alikuwa amepanda lori la wakata mkonge kwenda Tanga. Alisema atarudi maharage yakikomaa. Maharage yalikomaa, yakavunwa, yakapandwa mengine. Mama hakulia mbele yangu wala mbele ya mdogo wangu, ambaye alikuwa bado wa mgongoni. Alizidi tu kwenda bondeni mapema.

Ndipo likaja lambo. Serikali ya wakati ule iliamua bonde letu lizibwe juu, ng'ombe wapate maji mwaka mzima. Kijiji kizima kilijenga. Wanaume walichimba mfinyanzi, wanawake wakabeba kwa matenga, na sisi watoto tukapewa kazi tamu kuliko zote, kukanyaga. Tulikanyaga udongo ule tukiimba, mguu unazama mpaka ugoko, unautoa kwa nguvu nao unatoa mlio wa kubusu. Kisha ng'ombe walipitishwa juu, huku na huku, mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Likapanda tuta refu kuliko nyumba yoyote niliyokuwa nimeiona. Wenye vinyungu vilivyozama walionyeshwa pa kulima kwenye bonde lingine. Cha mama hakikuzama. Kilikuwa chini kidogo tu ya tuta, kikabaki peke yake kama jino.

Msimamizi wa kazi alikuwa Mnyakyusa, jina lake Ambakisye, mtu mrefu mwenye kofia ya kaki. Sisi sote tulimwita Nyapara. Ujanani alifanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu Chunya, na kazi yake huko ilikuwa kutazama kuta za shimo na kusema maji yanakuja vipi. Aliyemfundisha alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili, ndiyo maana Ambakisye mambo yote ya dunia aliyasema kwa Kiswahili chake cha Tukuyu, isipokuwa maji. Maji aliyasema kwa Kiingereza. Kazi ilipokwisha aliachwa kulilinda lambo mpaka limalize mwaka wake wa kwanza, akajijengea kibanda kule juu linakoanzia.

Yeye na mama walitaniana kila waliposalimiana.

"Kamwene, mla ndizi."

"Kamwene, dada. Leo umeamka na hasira za Kihehe au umeziacha nyumbani?"

"Nimezileta. Ukisogea nitakupa kidogo."

Lakini katika utani wote huo, Nyapara alikuwa na neno moja asilolifanyia utani. "Mama Tadei," alimwambia, "lima upendavyo, ila mguu wa tuta usiuguse. Pale tuta linapokutana na ardhi, acha hatua kadhaa za majani." Mama akaitikia. Mama aliitikia vitu vingi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, lambo likajaa hadi juu. Na lilipojaa tu, upande wa kushoto wa tuta, chini kabisa, udongo ukaanza kulowa. Haukutiririka. Ulilowa tu, kama mgongo wa shati la mtu anayelima. Baada ya siku chache ukatoa uteute mwekundu, mzito, ukashuka juu ya majani na kuganda.

Nyumbani kwetu ulanzi, pombe ya mianzi, ulikuwa unagemwa vizuri wakati huo, na penye ulanzi maneno hayakosekani. Wakaanza kusema kuna mtu mle ndani. Kwamba tuta kubwa namna ile halisimami bila kuzikiwa mtu. Kwamba lori la mkonge liliondoka na wanaume wengi na halikufika na wote. Walisema kwa sauti ya chini, lakini mtoto husikia zaidi sauti ya chini.

Mimi nikaunganisha. Baba alipanda lori. Baba hakurudi. Damu inatoka kwenye tuta. Sikumwuliza mtu yeyote, maana jambo lenyewe lilikuwa wazi kama mchana.

Wengine waliogopa kupita upande ule. Mimi nikawa naenda. Nikitumwa kuni napitia pale, nakaa kwenye majani makavu karibu na ile nyekundu, nampa baba habari. Nilimwambia mbuzi amezaa mapacha. Nilimwambia mdogo wangu ameota jino. Nilimwambia mama hajambo, na maharage yanaendelea vizuri, asiwe na wasiwasi. Udongo ule ulikuwa wa baridi na ulinuka chuma, na mimi nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyonuka akiwa ndani ya ardhi. Sikuogopa. Niliona tu ni vibaya akae pale bila mtu wa kumsemesha.

Siku moja Nyapara akanikuta. Alikuwa anazunguka tuta kama kawaida yake, fimbo mkononi.

"Wee Tadei. Unaongea na nani?"

"Na baba."

"Baba yako yuko wapi?"

Nikamwonyesha tuta.

Hakucheka. Alivua kofia, akakaa chini majanini, miguu yake mirefu ikiwa haina pa kwenda.

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Wewe ulikuwepo tukijenga hapa?"

"Nilikanyaga udongo."

"Ulikanyaga kuanzia chini?"

"Kuanzia chini."

"Ulimkanyaga baba yako?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa uaminifu kabisa, nikiukumbuka mguu wangu kila ulipozama. "Hapana."

"Hata kidole chake?"

"Hapana."

"Basi hayumo. Wewe ndiye shahidi, siyo wale walevi." Akachota ule uteute kwa kidole, akaupaka kwenye kofia yake. "Hii ni kutu. Ile inayokula jembe. Milima yenu hii imejaa chuma, wazee wenu walifua majembe kwa udongo huu huu. Maji yanapita humo taratibu, yanakibeba chuma, yakifika nje yakaona hewa yanakitema. Ngoja."

Alikuwa na kikombe cha bati, cheupe ndani, kinaning'inia kiunoni. Akachomeka jani kwenye udongo uliolowa, tone likafuata jani, akakinga. Tukangoja. Lilikuja tone, likaja jingine, sisi tumekaa kama watu wanaongoja ugali uive. Kikombe kilipopata funda moja akakituliza juu ya goti, kisha akaniambia nitazame chini yake. Niliona weupe wa kikombe. Maji yalikuwa safi kabisa. Akanywa nusu, akanipa nusu. Yalikuwa na ladha ya sufuria, basi.

"Hii inaitwa seep," akasema. "Tuta linatoa jasho. Lambo lolote la udongo lazima litoe jasho, maji yanapenya katikati ya chembe na chembe, chembe zenyewe zimekaa palepale. Mtu anayefanya kazi hatoi jasho?"

"Anatoa."

"Hili linafanya kazi. Limeyazuia maji yote yale. Sasa, huyu ana ndugu yake. Anaitwa leak. Yule siyo jasho, yule ni kidonda. Maji yamepata njia yao, yanakimbia, na yanatoka na nyama ya tuta."

"Nitawajuaje?"

"Watu wanatazama wingi. Wanatazama rangi. Wewe kinga, tuliza, tazama chini ya kikombe. Chini kukiwa kweupe, ni jasho, nenda kalale. Chini kukiwa na udongo, hata kidogo kama unga wa kubandika kwenye ulimi, njoo uniite. Usinywe chai kwanza."

Akanipa kile kikombe. Alisema ana kingine, na sijui kama ni kweli.

Nilirudi nyumbani nikikimbia na kuruka. Baba hakuwa kwenye tuta. Baba alikuwa Tanga, anakata mkonge, anachomwa na miiba, yu hai. Na kweli alikuwa hai. Alirudi mwaka uliofuata, mikono imechanika, na tukafurahi. Lakini furaha ya siku ile anayoingia mlangoni haikufika hata nusu ya ile ya kutoka kwenye tuta na neno moja la Kiingereza kinywani. Seep. Nilimwambia mama. Nilimwambia mbuzi.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kikombe. Nilikinga kila palipolowa. Kushoto kwenye kutu: kweupe. Katikati: kweupe. Nikaanza kujiona na mimi nyapara.

Ardhi ilipokauka mama akalima kinyungu chake, na nakwambia, bondeni kote hapakuwa na mfano wake. Mabonde mengine yalikuwa yameanza kupasuka, wanawake wanabeba maji kwa vibuyu, yeye maji yanamfuata mwenyewe. Majani ya maboga yalikuwa mapana kama ungo. Maharage yakashika vijiti, yakatoa maua. Jirani yetu Mama Fidelisi, ambaye nyumba yake ilikuwa chini zaidi, karibu na kijito, na ambaye kinyungu chake cha zamani kilikuwa kimezama, alipita kila asubuhi na hakukosa la kusema.

"Wenzetu wana bahati. Lambo limetunyima sisi, wao limewanyonyesha."

"Njoo uchume mboga, wifi," mama akamjibu.

"Nichume, halafu useme nimekuroga?"

"Ukitaka kuniroga utaanza na jembe lako, maana limelala mno."

Mama alicheka siku zile. Kilichomfurahisha ni kijifereji chake cha juu. Ni mazoea ya kinyungu: ukiona ardhi inalowa juu yako, unaifuata. Unachimba kidogo, maji yanakuja. Unachimba kidogo tena. Hakuna mwanamke wa kwetu anayeona maji hatua mbili mbele yake akayaacha huko. Kila juma mama alisogea kidogo, na kila alivyosogea maji yalizidi, maangavu, yanaimba. Zile hatua za majani alizoonywa zikawa zinapungua. Mwisho jembe lake likawa linagusa mguu wa tuta wenyewe, naye akatengeneza pale kitundu kizuri kama mdomo wa chungu, maji yanamwagika yenyewe.

Hapo hakuna mtu aliyeogopa. Kijiji kizima kiliogopa kule kushoto kwenye wekundu. Huku kwa mama kila mtu alipasifia.

Nilikinga pale kwa sababu ya majivuno tu, kwa kuwa nilikuwa nimekinga kwingine kote. Asubuhi ilikuwa ya baridi, umande mweupe kwenye majani. Nikatuliza kikombe juu ya goti kama nilivyofundishwa. Nikatazama. Chini ya kikombe kulikuwa na duara la udongo, jembamba, laini. Nikamwaga, nikakinga tena. Likarudi.

Mimi nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga. Nilijua nikisema neno lile la pili, kinyungu kimekwisha. Nilijua pia wapi unga wetu umefikia ghalani. Nikasimama pale na kikombe, kisha nikaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama, hii siyo jasho."

Akatazama. "Maji ya kinyungu lini yalikuwa hayana udongo?"

"Haya yametoka ndani ya tuta. Yametoka na nyama."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema."

"Wewe." Akashika jembe kwa mikono miwili. "Tadei, maharage yametoa maua. Unajua baada ya maua kinakuja nini? Unachokula. Tuyaache yakomae, halafu wewe na huyo mla ndizi mtaniambia habari za nyama."

"Nyapara alisema nimwite."

"Mimi nasema usimwite. Nani anakupikia, mimi au Nyapara?"

Sikuondoka. Nilikaa chini mbele ya kile kitundu, miguu yangu ndani ya maji, nikamwambia sitaondoka mpaka atazame kikombe kingine. Akanivuta sikio. Nikabaki. Akanivuta mkono, nikajilaza. Mimi ukaidi sikuufundishwa na mtu wa nje.

"Haya," akasema, "kama ni kitundu kinakutia wazimu, tunakiziba." Akakata bonge la udongo lenye majani yake, zuri, pana, akalikandamiza pale kwa kisigino kama alivyofanya maisha yake yote. Maji yakakatika. Kijifereji kikanyamaza. Akapangusa mikono. "Umeona? Maji ni kuyafungulia na kuyafungia. Twende tukale viporo."

Tulikuwa bado hatujatoka bondeni. Mdogo wangu alikuwa anafungwa mgongoni. Nikasikia sauti kama mtu anasukutua kinywa, nikageuka. Juu ya lile bonge, kwenye tuta lenyewe sasa, udongo ulikuwa umejitutumua, ukapasuka, na maji yakaruka nje. Hayakuwa maangavu tena. Yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanakuja kwa vishindo, yanatema na vibonge.

Mama aliyatazama. Sikuwahi kumwona akitazama kitu namna ile. Alitazama maji, akatazama juu lilikojaa lambo zima, akatazama chini kwenye moshi wa jiko la Mama Fidelisi.

"Kimbia," akasema. "Kamwite. Usisimame njiani hata ukiumwa na nyoka."

Nilikimbia. Leo nina pikipiki, nina magari, sijawahi kwenda popote kwa kasi ile. Nyapara alikuwa anakunywa uji mbele ya kibanda chake. Nilikuwa sina pumzi, nikasema lile neno moja tu. Leak. Akaweka bakuli chini, akashika spana ya koki, na akaniuliza kitu kimoja: "Chini ya kikombe?" Nikasema, "Hapahitaji kikombe."

Alifungua bomba la kutolea maji kwa nguvu zake zote, lambo lianze kushuka. Kisha akashuka bondeni kwa mbio. Mama alikuwa ameanza kukata mabonge mengine, makubwa, anataka kuziba tena.

"Acha!" Hapo tu ndipo nilipomsikia Nyapara akipaza sauti. "Usizibe, dada. Ukiziba hapa litatokea kule, mpaka tuta lote lifunguke. Kidonda hakizibwi. Kinafungwa bandeji. Maji tuyaache yatoke, udongo tuukatalie."

"Tuukatalie kwa kitu gani?"

"Kwa mchanga. Juu ya mchanga kokoto. Juu ya kokoto mawe. Maji yatapita katikati, udongo utabaki."

"Mchanga uwekwe wapi?"

Nyapara akainua fimbo. Alichora kwa fimbo hewani, kuanzia kwenye lile tundu, akashuka, akapita maharage, akapita maboga, mpaka vitanda vya mwisho vya mahindi. Eneo lote lililolowa. Kinyungu chote.

Mama akaufuata mstari ule kwa macho. Nilisikia maji yanatema.

"Maharage yana maua," akasema.

"Naona."

"Maua hayaliwi."

"Najua, dada. Ng'oa unachoweza, lakini upesi."

Hakung'oa kitu. Alimtoa mdogo wangu mgongoni, akanikabidhi, akachukua tenga, akashuka kijitoni kwenye mchanga. Tenga la kwanza alilibeba yeye. Alilimwaga juu ya mstari wake mzuri kuliko yote, ule uliokuwa karibu na tundu, na vijiti vya maharage vikalala chini vyote pamoja. Akarudi kuchukua la pili. Watu walikuja kwa sababu ya kelele za maji ya bomba. Walikuja kushangaa, wakakuta mwanamke anafukia chakula chake mwenyewe. Mama Fidelisi alifika, akafungua mdomo kusema lake la kila siku.

"Nyumba yako iko chini hapo, wifi," mama akamwambia bila kusimama. "Beba."

Akabeba. Wote walibeba. Hata mimi nilimfunga mdogo wangu mgongoni nikabeba mawe. Tulibeba mpaka jua likaegemea milima, na pale palipokuwa na kinyungu pakawa na kilima cha mawe makavu, kama kaburi la jitu. Katikati ya mawe maji yalichuruzika kidogo kidogo. Nyapara akaniambia nikinge. Nikakinga, nikatuliza, watu wamenizunguka kama natoa hukumu. Chini kulikuwa kweupe.

Watu wakashangilia, wakaanza kurudi nyumbani. Mama hakushangilia. Alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake kwa kijiti.

"Nyapara," akasema, "na mimi nitalima wapi?"

Ambakisye alishika kofia yake. "Hilo halimo kwenye kazi niliyotumwa, dada," akasema mwisho.

"Basi limo kwenye yangu."

Kesho yake alikwenda mlimani, kwenye mteremko mkavu kando ya lambo, mahali ambapo hakuna mwenye akili anayelima wakati wa kiangazi, akaanza kukwatua. Nilichota maji lamboni kwa kibuyu, napanda, namwagia shimo moja, nashuka. Mama alibeba mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Waliopita walicheka kwamba Mama Tadei analima kinyungu juu ya paa. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu akiacha utani upite bila kuulipia. Tulimwagilia alfajiri na jioni. Unga uliisha, tukala mizizi na majani, tukala kwa Nyapara alipotuita, na alipotuita mara nyingi mno mama akakataa. Mimi nilikonda mpaka kaptula ikawa inafungwa kwa kamba ya mgomba.

Siku nyingi za njaa ile nilitaka aniambie kwamba nilifanya vizuri kusema. Hakuniambia. Wala hakuniambia kwamba nilifanya vibaya. Alinipa kibuyu, akasema, "Panda."

Mahindi yalitoka. Yalikuwa madogo kama vidole vya mkono, punje zimeachana, lingine halina kitu upande mmoja. Mama alichuma ya kwanza, akayachoma kwenye makaa bila kuyatoa maganda, akachagua lililojaa kuliko mengine. Kwetu mahindi ya kwanza ni ya baba wa nyumba. Akanipa mimi, akakaa pembeni yangu kunitazama, nami nikalila mpaka gunzi.